Mashini ya Hakorimana

Buji ilikuwa kwenye kiganja cha Valens, na mashini ikakohoa.

Mara moja tu. Kikohozi kifupi, kikavu, kama cha mtu mzima anayetaka uache maneno yako umsikilize. Valens alikuwa ameketi uani kwake juu ya kiti kifupi, mashini ya kukata miti imelazwa juu ya gunia mbele ya miguu yake, kifuniko kimefunguliwa, buji, ile plagi yake, ameitoa dakika tano zilizopita ili aikwangue masizi. Sasa yeyote aliyewahi kufungua mota anajua: bila buji hakuna cheche, na bila cheche hakuna mlio. Hilo halihitaji shule. Akaitazama buji mkononi. Akalitazama tundu ilikotoka. Akapeleka kidole pale, akakirudisha haraka, maana palikuwa pa moto.

"Ni jua," akajiambia kwa sauti.

Jua gani? Tangu asubuhi Masisi ilikuwa imelala ndani ya ukungu. Ng'ombe wa kilima cha pili walisikika tu, hawakuonekana.

Valens huyu alikuwa fundi wa mashini hizo, tronsonezi, kama wanavyoziita wapasuaji mbao wote kutoka Masisi mpaka Walikale. Hakuwa na karakana. Karakana yake ilikuwa ua wa nyumba yake, na vyombo vyake vyote vilikaa ndani ya sufuria moja lililotoboka. Kazi aliijua, tusimnyime haki yake. Ubaya wake haukuwa mikononi, ulikuwa katika neno moja alilolipenda kuliko jina lake: itashika. Umwambie skrubu imelika, itashika. Umwambie sheni, ule mnyororo wa meno, imelegea, itashika. Na nyingi zilishika kweli, na hilo ndilo lililomharibu.

Mashini iliyokuwa mbele yake ilikuwa ya kaka yake mkubwa, Hakorimana, aliyekufa wiki sita zilizopita katika msitu wa Mpofi, kule Walikale, chini ya mti wa libuyu, ule wa mbao nyekundu. Walikuwa wawili tu siku hiyo, yeye na kaka yake. Jinsi alivyokufa, ukoo mzima wanaieleza kwa namna moja. Mimi nitaieleza kwa namna nyingine, maana siogopi kununiwa nao.

Ndani ya mashini kuna mpira mwembamba unaonyonya esansi, yaani petroli, kutoka kwenye tanki. Mpira ule ulikuwa na ufa. Hakorimana aliuona kabla ya safari, akamwambia ndugu yake atafute mpya. Lakini siku hiyo kulikuwa na harusi ya rafiki, suruali ya Valens imeshapigwa pasi, iko inamngoja kitandani. Akachukua uzi wa bluu, akauzungusha mpira, akafunga fundo. Itashika. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Huyu aliuziba, lakini kwa uzi wa kushonea.

Ulishika siku nne. Siku ya tano, saa nane mchana, libuyu umekatwa nusu, mpira ukaanza kunyonya hewa badala ya esansi, na mashini ikazimika ndani ya mti. Mti uliokatwa nusu si wa kuuchezea, kila mpasuaji anajua, lakini si wa kuuacha hivyo pia. Hakorimana akainama chini yake, akavuta kamba ya kuwashia. Krrr. Akavuta tena. Krrr. Akavuta mara ya tatu, na mti haukungoja ya nne.

Na Valens? Kabla hajapiga kelele, kabla hajaita mtu, alifuata mashini iliyorushwa kando, akaifungua, akaung'oa ule mpira na uzi wake, akautupa mbali kwenye majani. Kaka yake alikuwa bado anahema. Hilo nalo mulijue.

Sasa kwetu, siku ya kuondoa kilio, ukoo ukiwa umekaa wote, yule aliyekuwa na marehemu mwisho husimama na kueleza kifo chake. Anaeleza mara moja. Neno lake likishapokewa ndilo linabaki, ndilo watoto watakalorithi. Valens akasimama mbele ya mama yake, mbele ya Papa Sébastien ambaye ni mdogo wa marehemu baba yao na msemaji wa ukoo, akaangalia chini, akasema:

"Alikuwa anasinzia. Toka alikula ile chakula ya kutoka nyumbani, mwili ilikuwa inalegea. Mashini ilikuwa muzima. Ni yeye njo hakuona muti."

Basi. Hakusema sumu. Alifungua mlango tu, ukoo wenyewe ukaingia. Chakula cha kutoka nyumbani kilifungwa na nani? Na Dancille, mke wa Hakorimana. Kufika jioni watu wote wa kilima walikuwa wanalitamka neno karuho, ile sumu ya polepole, wakiangalia nyuma kwanza. Papa Sébastien akakata maneno: Dancille atarudi kwao Kirolirwe. Mtoto wake wa kike, Cindy, kwa kuwa bado ananyonya, ataenda naye; akiacha ziwa, ukoo utakwenda kumchukua, maana mtoto halelewi na mkono uliomuua baba yake. Na siku itakayofuata kuondoka kwake, mikaratusi ambayo Hakorimana aliipanda kwa mikono yake kwenye shamba la mkewe itakatwa mbao.

Ndiyo sababu Valens alikuwa anatengeneza mashini. Ilikuwa Jumatano. Dancille alipewa mpaka Jumapili.

*

Asubuhi ile Valens alikuwa ameshatia mpira mpya, mweusi, laini, ulioletwa na motari, dereva wa pikipiki, kutoka Sake. Esansi ilikuwa safi. Buji, ukiigusisha kwenye chuma na kuvuta kamba, ilitoa cheche nzuri ya bluu. Mashini yenye esansi na cheche na hewa lazima iwake. Ikikataa, unatafuta tena kimoja kimoja. Aliirudisha buji, akavuta kamba mpaka bega likauma. Kimya. Ikitolewa buji ilikohoa, ikirudishwa ikawa bubu.

"Itakuwa karibirateri," akasema.

Alhamisi akafungua karibirateri, pale esansi inapochanganyika na hewa. Ndani yake, mahali ambapo hapapiti hata chawa, alikuta unga wa mbao. Unga mwekundu, mbichi, wenye maji. Wapasuaji wa hapa wanakata mikaratusi, unga wake ni mweupe-mweupe. Mwekundu unatoka Walikale. Akausafisha kwa brashi na esansi, akapuliza, akakausha, akafunga. Ijumaa asubuhi akafungua tena: umejaa. Na safari hii, alipouchota kwa ncha ya bisibisi, aliona una joto la kitu kilichokatwa sasa hivi.

Harufu ikaanza kuingia ndani ya nyumba. Céline, mkewe, aliisikia kwanza kwenye nguo, kisha kwenye maharage: harufu ya mti mbichi na mafuta yaliyoungua. Alimwaga sufuria nzima, akapika mengine, nayo yakanuka vilevile. Mchana huo akamfuata mumewe uani, akasimama mbali kidogo, akaongea kwa sauti ya chini kama mtu aliye kanisani.

"Valens. Nani alivuta kamba?"

"Kamba gani?"

"Usinifanye mujinga. Nilikuwa mu jikoni. Nimesikia krrr, krrr, krrr. Mara tatu. Nimetoka kuangalia, wewe uko ku choo, na kamba iko inarudi yenyewe mu mashini. Niliiona ikiingia."

"Ni upepo."

"Upepo iko inavuta kamba? Jana pia. Na juzi. Saa nane, kila siku saa nane. Hakorimana alikufa saa ngapi?"

Valens alichukua bisibisi akaanza kufungua kifuniko, si kwa kuwa alikuwa na mpango, bali kwa kuwa mikono ilitaka kazi. Alitaka kuuona ule mpira mpya, mweusi, laini, ajihakikishie kwamba kuna kitu kimoja duniani kimekaa mahali pake. Kifuniko kikatoka. Mpira mpya haukuwamo. Mahali pake ulikuwamo wa zamani, umekakamaa, una majani ya msitu yaliyooza na tope la Mpofi, na juu ya ufa wake, mizunguko saba na fundo moja la kushoto kama anavyofunga yeye na si mtu mwingine, uzi wa bluu.

Akaufunika kwa kiganja. Alichelewa.

"Iyo uzi ni ya kwangu," Céline akasema polepole. "Njo ile nilikuwa ninashonea kitenge. Uliniomba siku ya harusi ya Jean-de-Dieu. Ulisema unafunga kitu ya kaka yako."

"Céline..."

"Ulisema mashini ilikuwa muzima. Mbele ya mama ulisema ni muzima."

Walitazamana. Yee, kuna kutazamana kwa watu wa ndoa ambako maneno hayahitajiki, na ningependa kuwaambia kwamba mwanamke yule alitoka mbio akaenda kwa Dancille, nyumba ya tatu tu kutoka kwao, akapiga magoti. Hakwenda. Alifuta mikono kwenye kitenge, akasema: "Nitaita Mama Tumukunde aiombee." Alitaka pepo atoke, ukweli ubaki palepale ulipo.

*

Mama Tumukunde alikuwa mama wa chumba cha sala, mjane mfupi mwenye goti bovu, aliyetoa pepo watu wa vilima vinne na hakuwahi kupokea zaidi ya chai. Alifika Jumamosi saa saba na nusu. Hakuleta mafuta wala chumvi. Mashini Céline alikuwa ameiingiza chumba cha kulala, chini ya kitanda, akairundikia magunia ya maharage, akafunga dirisha. Valens alikuwa ameichomoa buji na kuitia mfukoni, tanki ameligeuza juu chini mpaka tone la mwisho, sheni ameitoa na kuitundika msumarini.

"Imekaa wapi?" mama akauliza.

Wakamwonyesha. Akapiga magoti kwa shida, akaanza kuimba pole pole wimbo wa kanisa, nao wakaitikia. Mwanzoni hakukuwa na kitu. Kisha harufu ikaja, ile ya mti mbichi, ikajaza chumba kidogo mpaka machozi yakawatoka, na Céline akashika mkono wa mumewe akaukuta umelowa, na chini ya kitanda, ndani ya magunia, kitu kikasogea kama mtu anayegeuka usingizini, gunia la kwanza likaanguka, la pili likafuata, maharage yakamwagika sakafuni yakiviringika mpaka kwenye magoti ya mama yule ambaye hakuacha kuimba, kisha kamba ikavutwa, krrr, wakanyamaza wote, ikavutwa tena, krrr, taratibu, na mtu ambaye ana muda, na wakati wakingoja ya tatu, wakiwa wamefumba macho, wameuma meno, wameshikana kama watoto, walisikia badala yake, karibu sana, chini kabisa, pumzi ya mwanamume ambaye kifua chake kimebanwa na kitu kizito, ikiingia kidogo, ikitoka kidogo, ikiingia kidogo, na Valens aliijua pumzi ile kwa sababu ndiyo aliyoisikia nyuma yake alipokuwa anatupa mpira kwenye majani.

Ya tatu haikuvutwa.

Mama Tumukunde akakaa sakafuni, akanyoosha goti lake. Alikuwa amelowa jasho.

"Huyu sitamutoa," akasema.

"Mama, kwa jina ya Yesu," Céline akalia, "utatuacha naye?"

"Si pepo. Pepo ninaikemea. Huyu ni muntu, na iko na haki yake. Hakukuja kuua, kama ni kuua angekuwa ameshaua." Akamgeukia Valens, si kwa hasira, na hiyo ilikuwa mbaya zaidi. "Iko inangoja neno. Neno iko mu kinywa ya muntu mumoja humu. Iseme kesho, mbele ya mama yake, mbele ya ukoo, kabla bibi yake Dancille hajapanda moto ya motari. Ukisema, atakwenda kulala. Bibi akishavuka kona ya kisima, mimi sijue."

"Na nisiposema?" Valens akanong'ona.

"Umenisikia, mutoto wangu. Kamba mbili zimevutwa."

Akanywa chai, akaondoka. Valens akakusanya maharage, moja moja.

*

Jumapili baada ya misa ukoo ukakaa kwenye ua wa mama yao. Mama alikuwa kwenye kiti cha mikono, kitenge cheusi kichwani. Alikuwa amezeeka miaka kumi katika wiki sita. Papa Sébastien akasimama na fimbo yake. Dancille alikaa kwenye mkeka pembeni, peke yake, mtoto mgongoni, vyombo vyake vimefungwa katika shuka moja. Motari alikuwa ameshafika barabarani, anapiga honi kidogo kidogo.

Papa Sébastien alirudia maneno yote: usingizi, chakula, mwili kulegea. Kisha, kama desturi inavyotaka, akauliza:

"Kuna muntu iko na neno ingine? Aseme leo. Kesho tutaifunga."

Mama Tumukunde alikuwa kwenye mlango wa ua, ameegemea fito, anamwangalia Valens tu. Céline pia alimwangalia, lakini macho ya Céline yalisema kitu kingine: yalisema watakunyang'anya shamba, watakupiga, watakuita muuaji, nami nitakuwa mke wa nani? Na Valens alikuwa nalo, neno lilikuwa limepanda mpaka kwenye meno. Alitazama miguu ya mama yake iliyovimba, akajiambia: huyu mzee ameshapoteza mmoja, nikisema atapoteza wawili siku moja. Sababu nzuri kabisa. Waoga hawakosi sababu nzuri.

"Valens," akasema Papa Sébastien. "Wewe njo ulikuwa naye. Uko na neno?"

"Hapana, Papa."

Dancille akainuka. Alikuwa mwanamke mrefu, mkimya, na hakulia.

"Mama," akamwambia mkwewe, "nilimupikia mume wangu miaka saba. Kama ni mimi, Mungu aniue ku barabara, na mutoto wangu." Mkwewe akageuza uso ukutani. Dancille akangoja kidogo, kisha akamtazama Valens, akangoja tena, muda mrefu kuliko inavyofaa, mpaka watu wakaanza kukohoa. Halafu akabeba shuka lake akaenda kwenye moto, ile pikipiki ya motari.

Moto ilipovuka kona ya kisima, kutoka nyumba ya Valens, yenye mlango uliofungwa na kufuli, mashini ikawaka.

Haikukohoa. Iliwaka kwa mvuto mmoja na kunguruma, ikapanda, ikapanda, moshi ukatoka chini ya mlango, mabati yakatetemeka, mbwa wakakimbilia bondeni. Valens aliikimbilia na ufunguo mkononi, buji yake i mfukoni inampiga pajani kila hatua. Alipofungua ikazima. Ilikuwa juu ya kitanda, upande anaolala yeye.

"Umeitengeneza?" Papa Sébastien akauliza nyuma yake, anahema. "Ni vizuri. Kesho tunaanza na miti."

*

Mashini haikulia tena tangu hapo. Haikuwa na haja.

Valens hakulala. Kulipokucha aliona, kama watu wa namna yake wanavyoona wakichelewa, kwamba njia ipo: aende Kirolirwe, amwambie Dancille mwenyewe, aombe msamaha kwake kwanza. Ilikuwa rahisi kuliko kusimama mbele ya mama. Akapanda moto, akapiga porojo na motari njia nzima, habari za barabara, habari za bei ya jibini, akishangaa moyo wake ulivyokuwa mwepesi.

Dancille alikuwa kwa wazazi wake, anachuja maziwa. Hakumfukuza. Alimpa kiti, akampa maziwa katika kikombe, kwa maana mgeni ni mgeni. Valens akanywa yote, akafuta mdomo.

"Dada," akasema, "nimekuja kukuambia. Siku ile, kule Mpofi..."

Na kutoka kooni mwake ikatoka: krrr.

Akashika shingo. Akameza mate, akajaribu tena: krrr. Ile sauti yenyewe, ya kamba inayovutwa na mota isiyoshika, kavu, ya chuma. Mtoto Cindy akaanza kulia. Dancille aliweka chujio chini.

"Usijisumbue," akasema. "Kwangu ilishasemwa. Toka kuondoa kilio Hako anakuja saa nane, anakaa ku mulango. Uzi ya bluu. Harusi. Mpira ulitupa mu majani, na yeye iko anakuangalia. Yote ninajua."

Machozi yalikuwa yanamtoka Valens. Alitikisa kichwa kwa kukubali.

"Nilimuambia: niache niseme kwa mama. Akakataa. Anasema: ngoja, Valens ni ndugu yangu, atasema yeye mwenyewe. Nikangoja. Jana nilisimama pale mbele ya bantu bote nikakungojea, Valens. Hata ku moto niligeuka." Sasa ndipo sauti yake ilipokatika. "Neno ya bibi hawatapokea, unajua. Ni ya ule alikuwa naye. Ni ya kwako tu. Rudi kwenu, useme mbele ya mama yako. Mimi sina kitu ya kukusamehe humu. Jina yangu iko kule kwenu."

Akarudi. Motari alimwuliza kama anaumwa, akamjibu vizuri, kwa sauti yake mwenyewe: "Hapana. Endesha mbio." Alikuwa ameamua. Nawaapieni, safari hii alikuwa ameamua kweli, na kama kuamua kungekuwa na thamani baada ya saa kupita, yule angekuwa mtu.

Akawakuta wote kwenye shamba la Dancille, chini ya mikaratusi, na mashini iko pale juu ya gunia, Papa Sébastien anaizungukazunguka. Mama yake alikuwa ameletewa kiti. Ilikuwa saa nane.

"Mama," akasema Valens, na wote wakamsikia. "Papa Sébastien. Muache miti. Niko na neno."

Mama akainua kichwa.

Akafungua kinywa. Krrr. Watu wakarudi nyuma. Krrr. Macho yalimtoka, mishipa ya shingo ikasimama, mkono wake wa kuume ukajikunja ngumi na kuruka nyuma mpaka begani, ukarudi, ukaruka tena, unavuta kitu ambacho hakuna aliyekiona. Akaanguka magoti mbele ya mama yake, akaokota kijiti ili aandike mavumbini, na mkono ukakivuta nyuma vilevile, ukachora mfereji mmoja mrefu, basi. Krrr. Baada ya hapo hata lile neno mama hakuliweza tena.

"Yee! Mwanangu!" Mama yake alimshika uso kwa mikono miwili. "Amekuwa aje? Asubuhi alikuwa muzima. Alikuwa wapi? Nani anajua alikuwa wapi?"

Wote wakamgeukia Céline. Céline alikuwa anajua kila kitu: uzi ulikuwa wake. Aliwatazama watu wa ukoo mmoja mmoja, akamtazama mumewe aliyepiga magoti akimwomba kwa macho, akakaza kitenge kiunoni.

"Alienda Kirolirwe," akasema. "Kwa Dancille. Motari anasema alimupa maziwa, na alikunywa."

Ukelele uliopanda pale ulisikika mpaka barabarani. Wa pili! Amemla na wa pili! Papa Sébastien akapiga fimbo chini, akasema sasa hakuna kungoja mtoto aache ziwa. Vijana waende leo hii wakamlete Cindy, kabla naye hajanyweshwa. Vijana wakaanza kufunga mikanda.

Valens akatikisa kichwa. Hapana. Akakitikisa kwa nguvu, kulia na kushoto, mate yakiruka, akamshika mama yake miguu, akashika suruali ya kijana mmoja, akatikisa, akatikisa, hapana, hapana, na mama yake akakikumbatia kichwa chake kifuani, akakibana kisitikisike, akawaambia vijana huku analia:

"Mukimbie. Munaona? Sumu imeshapanda mu kichwa."